Mgeni Njoo na Filimbi Yako

Jumamosi ya Machi 8, 2025, Simba na Yanga zilipaswa kukutana katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Hazikukutana. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walisema wamezuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi yao ya mwisho, wakatangaza kwamba hawachezi, na Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi huku mashabiki waliosafiri kutoka mikoani wakiwa wameshafika mjini. Siku tatu baadaye, Cairo, Zamalek waliingia uwanjani wakakuta nusu nyingine ya uwanja ni tupu. Al Ahly, klabu yenye makombe mengi kuliko nyingine yoyote barani, hawakutokea. Walikuwa wameomba mechi ya watani ichezeshwe na waamuzi kutoka nje ya nchi, wakapangiwa Wamisri wenzao, wakabaki nyumbani.

Mechi ya Simba na Yanga, Dabi ya Kariakoo, ilichezwa hatimaye Juni 25. Yanga wakashinda mabao 2-0 na kombe likaenda Jangwani. Na ili pasiwepo wa kulalamika, filimbi ilikabidhiwa mwamuzi aliyeletwa kutoka nje. Alitoka Misri.

Ndani ya miezi minne, basi, refa wa Kimisri alikuwa hafai Cairo na anafaa Temeke. Hakuna aliyedai kwamba akiwa kwao anasahau sheria 17 za soka, kisha anazikumbuka ndege ikitua Dar es Salaam. Kilichotafutwa katika miji yote miwili hakikuwa ujuzi. Kilikuwa ugeni: mtu asiye na shemeji Msimbazi wala mjomba Jangwani, asiyejua nani alimfunga nani mwaka gani, ambaye mechi ikiisha atapanda ndege na kuwaachia wenyewe maneno yao.

Imani hii ina mizizi mirefu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, wakaonya pia kwamba kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Familia zikigombana shamba, huitwa mzee wa kijiji cha pili. Kwenye mashindano ya ndondo ya mitaani, timu mbili za kata moja hutafutiwa refa kutoka kata nyingine. Kombe la Dunia nalo hufuata njia hiyo hiyo: mwamuzi hachezeshi mechi ya nchi yake. Ni busara, na hakuna sababu ya kuidharau. Tatizo ni pale inapogeuzwa kuwa dawa ya kila ugonjwa, kwamba akishapatikana mtu wa mbali basi haki imepatikana, na kazi imekwisha.

Senegal wanaijua vizuri kasoro ya dawa hiyo. Novemba 12, 2016, walicheza na Afrika Kusini mjini Polokwane katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Refa alikuwa Joseph Lamptey wa Ghana, mgeni kwa pande zote mbili. Mpira ulimgonga beki Kalidou Koulibaly gotini. Lamptey akasema ni mkono na kuamuru penalti. Wenyeji wakashinda 2-1. Mwaka uliofuata FIFA ilimfungia maisha kwa kuyachezea matokeo, na mahakama ya usuluhishi wa michezo, CAS, ikakataa rufaa baada ya kuona uhusiano kati ya maamuzi yake na mwenendo wa fedha za kamari. Mechi ikarudiwa palepale Polokwane Novemba 10, 2017. Senegal wakashinda 2-0 na kukata tiketi ya Urusi. Ugeni wa Lamptey ulikuwa kamili kwa maana ya pasipoti. Mwenye fedha ya kubeti haangalii pasipoti.

Lakini rushwa ndiyo sehemu rahisi ya jambo hili. Mla rushwa anajua anachokifanya, na akikamatwa anafungiwa. Kigumu zaidi ni upendeleo wa mtu mwaminifu, anayelala usingizi mzito baada ya mechi, ambaye ukimwapisha ataapa kwamba hakumpendelea mtu, na atakuwa anasema kweli kwa kadiri anavyojijua.

Soka lenyewe lilianza kwa kudhani kwamba mtu wa namna hiyo hayupo. Uingereza ya karne ya 19, kila timu ilikuja na mwamuzi wake wa upande wake, na refa alikaa nje ya mstari kusubiri hao wawili wakitofautiana ndipo aamue. Wachezaji walikuwa mabwana wa shule za kitajiri, na bwana hadanganyi. Mara tu ligi zilipoanza kuwa na fedha, mabwana hao wakaanza kutofautiana kila dakika. Mwaka 1891 refa akaingizwa katikati ya uwanja na wale wawili wakasukumwa pembeni, wakawa washika vibendera. Mwaka huohuo penalti ikazaliwa. Miaka 39 baadaye, fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia kule Montevideo ilikwama hata kabla ya kuanza kwa sababu Uruguay na Argentina kila mmoja alitaka mpira wake utumike. Refa, John Langenus wa Ubelgiji, ambaye alikuwa ameshaomba ahakikishiwe usalama wake kwanza, akaamua kila kipindi kichezwe na mpira wa upande mmoja. Argentina wakaongoza 2-1 kwa mpira wao. Kipindi cha pili ukaingia wa Uruguay, na mechi ikaisha 4-2 kwa wenyeji. Hadi leo ni vigumu kupata uamuzi ulio sawa kwa pande zote kuliko huo, na mshindwa bado alirudi kwao akinung'unika.

Sasa turudi kwa mwamuzi mwaminifu. Mwaka 2002 Alan Nevill wa Chuo Kikuu cha Wolverhampton na wenzake walichapisha jaribio lililokuwa jepesi kulifanya na gumu kulisahau. Waliwachukua marefa 40 wenye vyeti, wakawaonyesha matukio 47 ya wachezaji kukabana kutoka mechi ya Liverpool na Leicester City iliyochezwa Anfield. Wote waliona picha zilezile. Baadhi yao walisikia kelele za uwanja, wengine walitazama kimyakimya. Waliosikia kelele waliwaadhibu wenyeji mara chache zaidi, kwa asilimia 15.5. Kinachovutia ni kwamba hawakuwaonea wageni kwa kuwapigia filimbi zaidi. Walisita tu kuwapigia wenyeji. Mkono ulikuwa mzito.

Hao watu 40 hawakuwa na bahasha mfukoni, wala hawakuwa uwanjani, wala hakuna shabiki aliyejua wanakaa wapi. Walikuwa wamekaa kwenye kiti mbele ya skrini. Sauti peke yake ilitosha.

Hispania walipima kwa namna nyingine. Luis Garicano, Ignacio Palacios-Huerta na Canice Prendergast waliangalia dakika za nyongeza katika ligi kuu ya nchi hiyo miaka ya 1990, kwa sababu dakika za nyongeza ziko mikononi mwa refa peke yake. Waligundua kwamba mwenyeji akiwa nyuma kwa bao moja, muda uliongezwa karibu mara mbili ya ule uliotolewa mwenyeji akiwa mbele kwa bao moja. Mechi ikiwa imeshaamuliwa kwa mabao mengi, tofauti hiyo ilipotea. Na ushindi ulipoanza kulipwa pointi tatu badala ya mbili, upendeleo ukakua: thamani ya bao la mwisho ilipanda, na shinikizo likapanda nalo. Katika Bundesliga ya Ujerumani, Thomas Dohmen akaongeza jambo ambalo msanifu yeyote wa viwanja angepaswa kulibandika ukutani. Upendeleo kwa mwenyeji ni mdogo zaidi kwenye viwanja vyenye njia ya riadha kati ya mashabiki na nyasi. Mita chache za njia hiyo zinampumzisha refa masikio, na zinafanya kazi ambayo kozi nyingi za maadili hazijaifanya.

Halafu ikaja korona. Mei 2020 Bundesliga ilirudi uwanjani bila watazamaji, ligi nyingine zikafuata, na ghafla watafiti wakapata kile ambacho hakuna kamati ya maadili ingeweza kukiidhinisha: mamia ya mechi za kweli, timu zilezile, marefa walewale, viti vitupu. Kadi za njano walizokuwa wakilimbikiziwa wageni zilipungua.

Hapa ndipo mashabiki wa Tanzania wanapaswa kukaa vizuri kwenye viti vyao, kwa sababu hesabu ya kelele kwetu haifanani na ya Ulaya. Liverpool wakienda ugenini wanapewa kona moja ya uwanja. Simba au Yanga wakienda Kaitaba Bukoba, Sokoine Mbeya, CCM Kirumba Mwanza au Lake Tanganyika Kigoma, wanakuta uwanja umejaa watu wao. Mkoa mzima umegawanyika kati ya nyekundu na kijani, na timu ya mkoa, yenye kiwanja, yenye barua inayoiita mwenyeji, inasikia mayowe inapofungwa. Kelele ya Anfield aliyoipima Nevill humfuata mkubwa popote anapokwenda.

Dabi yenyewe ni kinyume chake. Kwa Mkapa upande huu ni Wananchi, yaani Yanga, ule ni Mnyama, yaani Simba, na kati yao na nyasi kuna njia ya riadha. Kelele zinakutana katikati na kukatana makali. Kamera za Azam TV ziko kila pembe, wachambuzi wamejipanga, na kila uamuzi utajadiliwa vijiweni wiki nzima. Yaani ile mechi moja ambayo shinikizo la uwanja limegawanyika karibu nusu kwa nusu na macho ni mengi kupita kiasi, ndiyo iliyoagiziwa refa kutoka ng'ambo. Ile ya Jumatano jioni kule mkoani, ambapo refa kijana anakabiliana na jukwaa zima linalotaka mkubwa asawazishe, inachezeshwa na yule yule wa siku zote. Pointi tatu za Jumatano zina uzito uleule kwenye msimamo wa ligi.

Neno la mitaani kwa hali hiyo ni mbeleko. Timu fulani inabebwa, watu husema, na mara nyingi husema hivyo wakimaanisha kuna kikao kilifanyika, kuna fedha zilipita. Huenda wakati mwingine ni kweli. Lakini utafiti unaonyesha kwamba mbeleko haihitaji kikao. Inaweza kufungwa na watazamaji wenyewe, wakiwemo hao hao wanaolalamika.

Na mtazamaji si shahidi mzuri. Novemba 1951 vyuo vya Princeton na Dartmouth vya Marekani vilicheza mechi ya soka lao la kubeba mpira, ikawa ya fujo, na watu wakavunjika. Wanasaikolojia Albert Hastorf na Hadley Cantril waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu moja na kuwaomba wahesabu makosa. Wale wa Princeton waliona wachezaji wa Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wana Dartmouth wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na ukiyasoma leo unaweza kudhani yaliandikwa kwenye kijiwe cha kahawa cha Kariakoo Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo shabiki anaposema refa ametuonea, anaeleza kwa uaminifu alichokiona. Kelele zake ni za kweli kwake. Ndiyo maana zina nguvu.

Kama tatizo si moyo mbaya, dawa haiwezi kuwa semina ya moyo mzuri. Hilo ndilo jambo ambalo viongozi wetu wa michezo wanachelewa kulikubali. Utaratibu wetu wa kawaida unajulikana: refa akivurunda, kamati inakaa, taarifa inatoka kwamba ameshindwa kutafsiri sheria 17, anafungiwa mizunguko mitano, anarudi. Hakuna anayeambiwa alikuwa amesimama wapi, aliona nini, nani alimpanga na kwa nini. Mtu ameadhibiwa, mazingira yamebaki vilevile, na refa mwingine anapelekwa kusimama palepale.

Taasisi nyingine hapa nyumbani zimeshatoka huko zamani. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne hauna jina la mtahiniwa. Una namba ya kituo na namba ya mtu, S na tarakimu zake, basi. Baraza la Mitihani halikuwaomba wasahihishaji waape kwamba hawatawapendelea watoto wa ndugu zao au watu wa kabila lao. Liliwanyima kwanza hiyo taarifa. Msahihishaji anaweza kuwa mtu wa upendeleo mpaka kwenye mifupa, na bado mtoto wa Newala na wa Oysterbay watapata alama zao bila yeye kuwajua.

Kuna watu waliolisikia somo hilo vibaya. Kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, jaji wa Ufaransa katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu kwa jozi alisema alishinikizwa kuwapigia kura Warusi. Ikawa kashfa kubwa, medali ya dhahabu ikatolewa mara mbili, moja kwa Warusi na moja kwa Wakanada. Shirikisho la mchezo huo likabadili utaratibu wa alama, na katika mabadiliko hayo likaficha jina la jaji aliyetoa kila alama, kwa hoja kwamba asiyejulikana hawezi kushinikizwa. Mchumi Eric Zitzewitz alipochambua alama za kipindi hicho, hakukuta majaji wakiacha kuwapendelea watu wa nchi zao. Upendeleo ulikuwa umekua kidogo. Mwaka 2016 shirikisho likarudisha majina hadharani. Kumficha mtahiniwa asijulikane na msahihishaji, na kumficha mwamuzi asijulikane na umma, ni mambo mawili yanayotembea njia tofauti kabisa, na ni ajabu jinsi mashirika mengi yanavyochagua la pili yakidhani ni la kwanza.

Mahakama, ambazo zimefanya kazi hii kwa karne nyingi, zina kanuni yao. Novemba 1998 majaji watano wa ngazi ya juu kabisa Uingereza waliamua, watatu kwa wawili, kwamba dikteta wa zamani wa Chile, Augusto Pinochet, hana kinga ya kutoshitakiwa. Mmoja wa hao watatu alikuwa Lord Hoffmann. Baadaye ikajulikana kwamba alikuwa mkurugenzi, bila malipo, wa taasisi ya hisani iliyofungamana na Amnesty International, ambayo ilikuwa imeruhusiwa kuingia katika kesi hiyo. Mwezi mmoja haukupita, uamuzi ukafutwa na kesi ikasikilizwa upya. Hakuna aliyesema Hoffmann alimwonea Pinochet. Hakuna aliyelazimika kusema. Uhusiano ulikuwepo, haukutajwa, yatosha. Na kesi ilipoanza upya mbele ya majaji wengine, Pinochet bado alishindwa kwenye hoja yake kuu ya kinga.

Mahakama ya Juu ya Kenya ilitembea njia ya karibu na hiyo Septemba 1, 2017, ilipoufuta uchaguzi wa rais kwa kura nne dhidi ya mbili. Jaji Mkuu David Maraga na wenzake walio wengi walishikilia kwamba uchaguzi ni mwenendo mzima, kuanzia kituo cha kura hadi tangazo la mwisho, na kwamba idadi ya kura peke yake haiwezi kuusafisha mwenendo ulioharibika. Ni hoja ambayo mpira wa miguu ungefaidika nayo. Vijiweni watu hubishana kama ile ilikuwa penalti au la. Mara chache mtu huuliza refa alipangwa vipi.

Italia iliuliza, lakini ikiwa imechelewa. Kashfa ya Calciopoli ya mwaka 2006, iliyoishusha Juventus hadi Serie B na kuinyang'anya mataji mawili, haikuanzia kwenye filimbi. Ilianzia kwenye simu kati ya mkurugenzi wa Juventus, Luciano Moggi, na watu waliokuwa wakiwapangia marefa mechi. Ukiweza kumchagua hakimu, huna haja ya kumhonga. Unamchukua yule ambaye tabia yake inakufaa, halafu unamwacha afanye kazi yake kwa uaminifu wote.

Upande wa fedha hauhitaji maneno mengi. Juni 2018, filamu ya mwandishi wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, ilimwonyesha mwamuzi msaidizi wa Kenya, aliyekuwa ameshateuliwa kwenda Kombe la Dunia, akipokea dola 600. Akaondolewa kwenye orodha, baadaye akafungiwa maisha. Dola 600 kwa mtu aliyekuwa karibu na kilele cha maisha yake ya kazi. Anayetaka kulaani tamaa yake na alaani, lakini bei hiyo inaeleza pia jinsi marefa wa ukanda huu wanavyoishi: posho zinazochelewa, mabasi ya usiku, na kwenye mashindano mengi kupokelewa na kutafutiwa hoteli na mwenyeji yuleyule watakayemhukumu kesho yake.

Na teknolojia? VAR, iliyotumika kwenye Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza Urusi 2018, imesaidia sana kwenye kuotea na kwenye mpira uliovuka mstari, mambo yenye jibu moja. Kwenye rafu imeleta kitu kipya. Watafiti waliowaonyesha marefa picha za rafu kwa mwendo wa kawaida na kwa mwendo wa taratibu waliona kwamba mwendo wa taratibu huleta kadi kali zaidi, kwa sababu mchezaji anayeonekana polepole anaonekana alikuwa na muda wa kufikiri. Mashine haina timu. Ila mtu anayechagua kasi ya picha anabadilisha nia ya mtuhumiwa bila kugusa tukio lenyewe.

Kisa chenye matumaini kinatoka kwenye mpira wa kikapu wa Marekani. Mei 2007 magazeti yaliandika juu ya utafiti wa Joseph Price na Justin Wolfers, uliochambua zaidi ya misimu kumi ya NBA na kukuta kwamba wachezaji walipigiwa filimbi zaidi pale jopo la marefa lilipokuwa la rangi isiyo yao. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo. NBA ilikanusha kwa nguvu, na haikubadilisha chochote katika mafunzo wala katika upangaji. Watafiti waliporudi kuangalia misimu iliyofuata, upendeleo ule ulikuwa umetoweka. Hakuna aliyefungiwa, hakuna aliyeletwa kutoka nchi ya mbali. Marefa walikuwa wamesoma gazeti tu, wakajua kwamba mtu anahesabu.

Ligi za Tanzania na Kenya zinaweza kuhesabu bila kusubiri mfadhili. Waamuzi wapo, tena wazuri. Jonesia Rukyaa wa Kagera aliwahi kukabidhiwa dabi ya Simba na Yanga, na dunia haikuanguka. Kwa jirani, Salima Mukansanga wa Rwanda, Januari 2022 mjini Yaoundé, alikuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya fainali za Afrika za wanaume, Zimbabwe na Guinea. Kinachokosekana ni yale yanayowazunguka: orodha ya upangaji inayotoka mapema pamoja na vigezo vyake, posho inayolipwa na ligi kabla ya safari, malazi yasiyopitia mikononi mwa klabu, na maelezo ya maandishi juu ya maamuzi yenye utata kila mzunguko unapoisha. Kwenye Kombe la Dunia la wanawake la 2023, Australia na New Zealand, marefa walitangaza maamuzi ya VAR kwa kipaza sauti mbele ya uwanja mzima, na walipokosea walikosea kwa sauti.

Mahali pepesi pa kuanzia ni kibao cha mwamuzi wa akiba. Mechi za ligi kuu zimerekodiwa. Mwanafunzi mmoja wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akipewa kanda za misimu mitatu anaweza kuandika, kwa kila mechi, nani alikuwa anaongoza dakika ya 90, kibao kilionyesha dakika ngapi, zilichezwa ngapi kweli, nani alikuwa mwenyeji kwenye ratiba na nani alikuwa mwenyeji kwenye majukwaa. Jedwali hilo litolewe kwa jina la kila refa na kila klabu, kisha litolewe tena msimu unaofuata.